Fifia au Sinzia: Ubishi wa Neno Moja Katika Ubeti

Ubeti unaobishaniwa ni huu, tarbia ya kawaida, yaani mishororo minne, mizani (silabi) 8 ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 utao, nusu ya pili:

Mama yupo kwenye kiti, taa yake yafifia,
Mvua yapiga mabati, nyayo hajazisikia,
Anahesabu nyakati, usiku unaishia,
Mwana aliaga juzi, leo hajabisha hodi.

Ugomvi uko kwenye neno la mwisho la mshororo wa kwanza. Rasimu inasema yafifia. Msomaji mmoja anataka yasinzia. Mtunzi anasema fifia ndilo neno la taa tangu zamani, msomaji anasema ndiyo maana limechoka. Ubishi wa namna hii unaweza kula jioni nzima na kuishia pale pale, kwa sababu kila mmoja anatetea neno analolipenda na hakuna anayesema neno hilo limewekwa pale lifanye kazi gani.

Anza na hesabu. Hesabu haina kupenda, na mara nyingi huimaliza kesi kabla haijaanza. Andika mshororo kwenye karatasi yake peke yake, ukate silabi kwa vistari: ta-a-ya-ke-ya-fi-fi-a, nane. Ta-a-ya-ke-ya-si-nzi-a, nane. Kina ni kilekile, -ia, kinaafikiana na hajazisikia na unaishia. Kwa hiyo hapa hesabu haimsaidii yeyote. Ingekuwa mgombea ni yamlilia, angetoka mapema, maana ya-m-li-li-a ni tano na utao ungefika tisa. Ingekuwa ni yapepea, mizani ingetosha, na kwa hesabu kavu silabi ya mwisho ni a kama ya sikia. Lakini sikio lililokwisha kuzoea -ia mara mbili litajikwaa kwenye -ea, na msikilizaji atajua kuna kitu hata asipoweza kukitaja.

Kwenye kuhesabu kuna mitego michache inayowanasa hata wenye miaka mingi ya kutunga. Taa ni mizani 2, si 1. Mvua ni 2, mvu-a, lakini mvuvi ni 3, m-vu-vi, kwa sababu ile m ya mvuvi ni kiambishi cha ngeli na inasimama peke yake, ilhali ya mvua imeshikana na v. Ndiyo sababu neno mbaya lina mizani 3 ukisema mtu mbaya na 2 ukisema nyumba mbaya. Ukibadilisha nomino bila kuangalia hilo, mizani inakupotea huku herufi zote zikiwa zilezile. Maneno kama labda na maktaba yana konsonanti isiyo na irabu baada yake. Wako wanaoihesabu kuwa mizani kamili na wako wanaoimeza. Neno la aina hiyo lisiwekwe kwenye nafasi inayobishaniwa, kwa kuwa utakuwa umeongeza ubishi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Jambo jingine dogo, lakini linakera: yasinzia si inasinzia iliyokatwa mkia ili itoshe. Ni wakati wa -a-, njeo inayojitegemea, yenye haki yake katika sarufi. Mtu akikwambia umefanya inkisari hapo, yaani umelifupisha neno, mwoneshe alokwenda kwa aliyekwenda. Ile ndiyo inkisari, imepunguza mizani 5 hadi 4 kwa ruhusa ya ushairi. Ruhusa hizo, yaani inkisari, mazida (kulirefusha neno), tabdila (kubadili sauti yake) na kuboronga sarufi, zipo na ni halali, ila zina gharama. Kila unapoitumia moja msomaji anaiona sindano na uzi. Katika ubeti wa mishororo minne nisingependa kuona zaidi ya moja, na nisingependa kuiona kabisa kwenye neno linalobeba picha. Vivyo hivyo maneno ya lahaja. Mato badala ya macho yanaweza kukupa kina cha -to, lakini mato yakiwa peke yake katikati ya Kiswahili sanifu yanaonekana kama mgeni aliyeingia arusi isiyo yake. Yakipata wenzao wawili watatu wa lahaja hiyohiyo mwanzoni mwa shairi, yanatulia.

Hesabu ikishatoka sare, panua uwanja. Maneno mawili hayatoshi. Mkibaki na mawili, mtagawana upande tu. Andika matano hadi kumi, hata ya kijinga: yafifia, yasinzia, yatulia, yaishia, yazimia, yalilia. Mengi yatakufa ndani ya dakika moja na kila kifo kitakufundisha kitu. Yaishia inakufa kwa sababu mshororo wa tatu una unaishia. Yatulia inaleta amani ambayo ubeti hauitaki. Yazimia ina maana mbili, kuzimika na kupoteza fahamu, na ile ya pili inavuta macho kupita kiasi. Yalilia inakwambia mapema mno kwamba kuna msiba. Wang Anshi, mshairi wa China wa karne ya 11, husimuliwa kwamba alipokuwa anasahihisha mshororo kuhusu upepo wa majira ya machipuko na ukingo wa mto, alipitia maneno kama kumi: umefika, umepita, umeingia, umejaa. Mwishowe akachukua neno la rangi ya kijani na kulifanya kitenzi, upepo ukawa unaupaka ukingo ule kijani. Bila maneno yale yaliyotupwa asingeona kwamba vitenzi vyote vya mwendo vinasema jambo moja.

Sasa rudi kwenye kitu chenyewe, yaani taa. Washairi wengi hubishana juu ya maneno bila kwenda kuitazama taa. Taa ya utambi ikipungukiwa mafuta haififii. Kufifia kuna mwelekeo mmoja: rangi ya kitambaa hufifia, sauti ya mtu anayekwenda mbali hufifia, mwanga wa jioni hufifia, vyote vikishuka taratibu bila kurudi. Utambi unaokauka hufanya mengine. Mwali hushuka, tone la mafuta likipanda mwali huruka juu, kisha hushuka tena, mwishoni utambi huanza kuungua wenyewe na kutoa moshi. Kushuka, kushtuka, kushuka. Hicho ni kichwa cha mtu anayepigana na usingizi kitini. Kwa kipimo cha ukweli wa picha, sinzia limeshinda, tena limeshinda vizuri, maana halikuja kama pambo. Ingekuwa ubeti unazungumzia balbu ya umeme, sinzia lingekuwa uongo mtamu na ningelifuta.

Upande wa sauti, soma ubeti mzima kwa kila neno, si mshororo peke yake. Yafifia ina f mbili, pumzi mbili za kuzima, na ni neno zuri mdomoni. Lakini f hizo hazina jirani. Utafute mshororo wa pili na wa tatu, hakuna f nyingine. Yasinzia ina s na nz, na mshororo wa pili una hajazisikia, z na s, wa tatu una hesabu, usiku na unaishia. Sauti ya mvua tayari iko humo ndani. Hili lisichukuliwe kuwa sheria. Wakati mwingine sauti isiyo na jirani ndiyo inayotakiwa, ili neno lisimame. Hapa taa haitakiwi kusimama, mama ndiye anayetakiwa kuonekana.

Mpaka hapo mtetezi wa sinzia anaweza kufunga daftari, na ndipo hoja nzito inapoingia. Ukisema taa yasinzia karibu kabisa na mama aliyekaa kitini, usingizi unaruka kutoka kwenye taa kwenda kwa mama. Halafu mshororo wa pili unasema nyayo hajazisikia. Kwa fifia, maana yake ni moja: nyayo hazijaja. Kwa sinzia kuna maana ya pili: pengine zilikuja, mama akiwa amepitiwa. Neno la mshororo wa kwanza limebadilisha kitenzi cha mshororo wa pili ambacho hakuna aliyekigusa.

Je, hiyo ni hasara au faida? Hapa watu wa kweli hugawanyika, na ni sawa. Atakayesema ni hasara ataonesha kwamba shairi ni la kungoja, si la kukosa, na shaka hiyo inalivuruga. Atakayesema ni faida ataonesha mshororo wa tatu, anahesabu nyakati, kwamba mama yu macho, kwa hiyo shaka inaingia na kutolewa ndani ya mizani 16, na kuingia huko kwa sekunde moja kunaongeza hofu. Naona wa pili ana haki, ila kwa sababu tu mshororo wa tatu upo. Bila huo ningerudi kwa fifia bila kusita.

Katika masimulizi ya kale ya China kuna Jia Dao, aliyeishi kati ya 779 na 843. Alikuwa na mistari miwili, wa kwanza ukisema ndege wamelala juu ya mti kando ya bwawa, wa pili ukisema mtawa ausukuma mlango chini ya mwezi. Au aubisha? Inasemekana alikuwa juu ya punda akifanya ishara hizo mbili kwa mkono, kusukuma na kubisha, mpaka akaingilia msafara wa afisa mkubwa, Han Yu, naye mshairi. Badala ya kumwadhibu, Han Yu alifikiri kidogo akamwambia: abisha. Wachina hadi leo wanatumia maneno hayo mawili pamoja, tuiqiao, yaani sukuma-bisha, kwa maana ya kupima maneno. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa sababu ya punda. Mimi naona uzito uko kwa wale ndege. Kubisha kunapendeza kwa kuwa mstari wa kabla umelaza ndege, umeweka kimya, na kimya hakisikiki mpaka kitu kikigonge. Ondoa ndege, weka upepo mkali mitini, na kusukuma kunakuwa bora. Tena kubisha kunasema kuna mtu ndani. Anayesukuma anaingia kwake, au panapokaa watu wasiokuwepo.

Kwa hiyo mnapobishana, kuna adabu inayosaidia. Anayepinga neno asiseme silipendi, aseme nini kinapotea likibaki. Anayelitetea aseme nini kinapotea likiondoka. Mtunzi azungumze mwisho, la sivyo kila mtu atajibu nia yake badala ya maandishi. Mkiwa wengi, mpeni mtu asiyejua ubishi auseme ubeti kwa sauti mara mbili, bila kujiandaa, na mtazame anapojikwaa. Akijikwaa mahali pamoja mara mbili, pale pana kosa hata kama hesabu ni safi. Kipimo kingine: acheni nafasi wazi, taa yake ______, muwape watu watatu waijaze. Wote watatu wakiandika yafifia, mmejua kwamba neno hilo msomaji analo tayari kabla hujampa. Hilo si lazima liwe baya. Kuna mishororo inayohitaji neno linalotarajiwa, ili la pili yake lishtue. Kipimo cha kuuacha ubeti siku tatu kisha kuuandika kwa kumbukumbu nakiamini nusu tu. Kumbukumbu hurudisha neno bora, lakini pia hurudisha neno la kawaida, na huwezi kujua imefanya lipi.

Katika shairi huru hali ni ngumu zaidi, sio rahisi kama wengi wanavyodhani. Katika mgogoro wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, na wanausasa, watetezi wa shairi huru, watu walizungumza sana juu ya uhuru wa kuacha vina na mizani. Anayesahihisha shairi huru hugundua kwamba amepoteza mlinzi wa mlangoni: hakuna hesabu ya kumtoa yamlilia, maneno yote kumi yanaingia, na kila moja lazima uliondoe kwa hoja.

Turudi kwenye taa, kwa maana bado kuna kitu hakijaguswa. Wakati watu wamebishana juu ya neno la mwisho, hakuna aliyeuliza neno yake linafanya nini pale. Taa yake. Ya nani mwingine ingekuwa? Nyumba ni ya mama, kiti ni cha mama, usiku ni wa mama. Yake imekuja kujaza mizani 2. Neno la kujazia huwa halionekani kwa sababu halina kosa, na linakaa kimya karibu na neno lenye sifa, ugomvi wote ukielekea kule. Nimejifunza kulitafuta kwa njia moja: penye ubishi mrefu usiokwisha, tazama neno lililo kushoto kwa lile linalobishaniwa, kisha lililo kulia.

Ondoa yake, umepata mizani 2 za bure. Taa ni 2, jumla 4 za kutumia. Mwali wake haufai ingawa hesabu inakubali (mwa-li-wa-ke-wa-si-nzi-a, nane), maana mwali ni mwanga wa moto na ni binti pia. Mama aliyekaa na mwali wake anayesinzia ni hadithi nyingine kabisa. Kibatari kina mizani 4: ki-ba-ta-ri-cha-si-nzi-a, nane barabara. Koroboi nayo ni 4, ko-ro-bo-i-ya-si-nzi-a. Tofauti ni ngeli: kibatari chasinzia, koroboi yasinzia. Hapo ndipo rasimu nyingi huharibika. Mtu hubadilisha nomino, husahau upatanisho wa kisarufi, na wiki moja baadaye shairi linatoka likisema kibatari yasinzia. Kila ukibadilisha nomino, fuata mnyororo wake mpaka mwisho wa shairi: kitenzi, kivumishi, kiwakilishi, hata ile o ya rejeshi iliyo ubeti wa tatu.

Nachukua kibatari. Ni taa ya utambi bila shaka, kwa hiyo ile kusinzia imepata sababu. Kinashikana na kiti kwa ki ya mwanzo. Na sauti ya bata iliyo ndani yake inajibiwa na mabati ya mshororo wa pili. Kuna sikio litakaloona ni kelele za makopo, na sitabishana nalo sana. Faida kubwa zaidi ni kwamba yake ikiondoka, taa inasogea kidogo mbali na mama, na ile shaka ya mshororo wa pili inapungua ukubwa, inakuwa kivuli badala ya kikwazo. Aliyekuwa anatetea fifia kwa sababu ya shaka hiyo mara nyingi anakubali hapa, ingawa fifia halikurudi.

Mama yupo kwenye kiti, kibatari chasinzia.

Hata yupo ni dhaifu, naijua. Isiguswe siku hiyohiyo. Ukibadilisha maneno matatu kwa mpigo hutajua lipi limeponya na lipi limeua.

Kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kinahitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa neno lililo humo linasemwa mara nyingi kama zilivyo beti. Shairi la beti 5, ubishi wa neno moja la kibwagizo ni ubishi wa maneno matano. Mtu atapendekeza bado hajabisha hodi badala ya leo hajabisha hodi. Mizani ni 2 kwa 2, hesabu tena haisemi kitu. Bado inaleta subira, lakini haja- ya hajabisha tayari imebeba bado ndani yake. Katika mazungumzo tunasema bado hajafika bila tabu, ila ushairi wa mizani 8 hauna nafasi ya kulipa mara mbili. Leo inaleta kitu kipya, inasimama mkabala na juzi na kuuweka urefu wa kungoja kwenye siku mbili zinazojulikana. Hatari yake ni moja. Ubeti wa tatu ukisogeza wakati, ukasema wiki imepita, juzi inakuwa uongo na kibwagizo kizima kinavunjika. Kwa hiyo kabla ya kuamua leo, pitia kila ubeti uulize: usiku ni huuhuu? Kama ndiyo, leo ibaki. Kama sivyo, kinachobadilika ni juzi.

Rasimu zote zihifadhiwe, pamoja na orodha ya waliotupwa na sababu mbili tatu za kila mmoja. Tarehe iandikwe. Baada ya miezi mtu atakuja kupendekeza fifia kana kwamba ni wazo jipya, na bila karatasi ile mtabishana upya kutoka mwanzo. Tena neno lililofukuzwa mshororo mmoja huwa na kwao mahali pengine. Ubeti wa nne, mama amemwita mwana usiku kucha, sauti imekauka, anaita kwa midomo tu: jina lake lafifia. Ji-na-la-ke-la-fi-fi-a, nane, kwenda upande mmoja bila kurudi. Na lake, safari hii, halijazii kitu.